Kura ya kupekua meseji Ulaya: imepita au haijapita?

Mleta mada (Ngamiani, Tanga):
Jana barazani, Barabara ya 8, tulikuwa watu watano na majibu matatu. Ulaya imepitisha sheria ya kupekua meseji za kila mtu. Hapana, imekataa. Hapana, imeahirisha. Nimefuatilia, na kila mmoja alishika kipande cha kweli.

Sisi tumezoea Dodoma: wanaoafiki waseme ndiyo, sauti inavuma, muswada umepita, unangoja saini ya Rais. Kwa wenzetu wa Umoja wa Ulaya kuna vyombo vitatu. Kamisheni, inayoandaa miswada, ilileta pendekezo Mei 2022: kampuni ziamriwe kupekua meseji kutafuta picha za watoto wanaonyanyaswa kingono. Bunge lao, Novemba 2023, likasema meseji zilizofungwa, zile wanazosoma mtumaji na mpokeaji tu, zisiguswe. Apekuliwe anayeshukiwa, tena kwa amri ya hakimu. Kulikokwama ni kwenye Baraza, wanakokaa mawaziri wa nchi 27. Juni 2024 Ubelgiji, iliyoongoza vikao, iliiondoa kura kwenye ajenda. Oktoba 2025 Denmark nayo ikaiondoa, Ujerumani ilipogoma.

Hesabu yake ndiyo hii. Kupitisha kunataka nchi 15 zenye asilimia 65 ya watu wote wa Umoja. Kuzuia, nchi nne zinatosha, mradi watu wao wazidi asilimia 35. Ujerumani peke yake ina zaidi ya asilimia 18, yaani nusu ya kizuizi. Kwa hiyo kura iliyoondolewa haijakataliwa. Mwenye kikao amehesabu vichwa, kaona havitoshi, anangoja siku nyingine. Tarehe 26 Novemba 2025 Baraza likakubaliana kuondoa neno lazima: kampuni inayopekua kwa hiari yake iachwe iendelee. Na hiyo haikuwa sheria bado, ilikuwa msimamo wa kwenda nao mezani na Bunge.

Mimi napinga kupekuliwa watu wote. Programu ikikaa ndani ya simu na kusoma ujumbe kabla haujafungwa, ni karani wa basi anayesoma barua yako kabla hujatia gundi bahasha. Na programu za meseji wanazotumia wao ndizo tunazotumia sisi. Katiba yetu, ibara ya 16, inayalinda mawasiliano binafsi. Leteni hoja.

Mchangiaji (Makorora):
Mwanangu, hesabu nimezielewa. Lakini mimi ni mlezi. Mjukuu wangu wa miaka 12 alikuwa akitumiwa maneno machafu na mtu mzima, usiku, kwa hizo hizo meseji zilizofungwa. Nilichoona mimi ni mtoto kuacha kula. Kama kuna chombo ambacho kingemnasa yule mtu siku ya kwanza, sitakuuliza ibara.

Mleta mada:
Shikamoo mama, pole sana. Ila kuna hili. Mwaka 2021, San Francisco, baba mmoja alimpiga picha mwanawe mdogo aliyevimba sehemu za siri, ili daktari aione. Mashine ya Google ikaiona picha, ugonjwa haikuuona. Polisi walimchunguza, wakamkuta hana kosa, na akaunti yake bado hakurudishiwa. Ni wangapi hapa Tanga tunamtumia ndugu yetu nesi picha ya upele wa mtoto saa tano usiku? Zipekuliwe zote hizo? Yule wa mjukuu wako ni habari nyingine. Simu unayo, namba imo, maneno yamo. Huyo, hakimu atoe amri apekuliwe mpaka chini kabisa, nami nitakuwa wa kwanza kuunga mkono.

Mchangiaji (Makorora):
Marahaba, baba. Simu niliipeleka polisi. Ilikaa mezani siku tisa hakuna aliyeiwasha, na yule mtu akabadilisha namba. Nionyeshe pa kupata amri siku ile ile, nitahamia upande wako.