Je, muda unaoripotiwa na programu ndio muda halisi wa picha kwenye skrini?

Mwanafunzi wa uzamili
Habari za kazi, ndugu zangu. Ninaandaa jaribio ambamo mshiriki anaoneshwa kwa milisekunde 40 mistari hafifu iliyoinamia kushoto au kulia, kisha anabonyeza kitufe. Ninatumia PsychoPy, programu ya kuendeshea majaribio ya saikolojia, kwenye kompyuta mpakato yenye Windows, na picha hiyohiyo inaonekana kwenye skrini ya pili ya hezi 60 (inayobadilisha picha mara 60 kwa sekunde) iliyo mbele ya mshiriki. Programu inaripoti fremu (picha moja moja zinazotumwa kwenye skrini) chache zilizochelewa, ingawa wastani wa muda ni mzuri. Je, niuamini muda huo, au nihamie Psychtoolbox, programu nyingine ya aina hiyo ambayo msimamizi wangu ameizoea?

Jibu la kwanza
Ndugu, anza na skrini kabla ya programu. Skrini ya hezi 60 hubadilisha picha kila baada ya milisekunde 16.7, kwa hiyo utapata milisekunde 33.3 (fremu 2) au 50 (fremu 3). 40 haipatikani kwa programu yoyote ile. Panga muda kwa idadi ya fremu, na uandae picha zote kabla ya jaribio kuanza. Tena, usioneshe picha moja kwenye skrini mbili, maana kompyuta inaweza kufuata mwendo wa skrini ya mpakato huku ile ya mshiriki ikipishana nayo.

Kuhusu kuhama, sioni sababu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la PeerJ ulizipima programu kadhaa za majaribio, zikiwemo PsychoPy, Psychtoolbox, Presentation na E-Prime, na hizi nne zote zilikuwa na mtawanyiko wa muda ambao kwa wastani haukufika milisekunde 1. Mmoja wa waandishi wake ni Jonathan Peirce, aliyeianzisha PsychoPy, lakini vipimo vilichukuliwa kwa kifaa kilicho nje ya kompyuta.

Jibu la pili
Nakubaliana na mwenzangu, ila matokeo yale ni ya mashine zao, si ya kwako. Programu inajua wakati ilipoikabidhi picha kwa kadi ya michoro. Haijui mwanga ulitoka lini. Bandika fotodayodi (kihisi kidogo cha mwanga) kwenye skrini, chora mraba mweupe chini yake katika fremu ileile ya kichocheo, yaani ile mistari yako, kisha rekodi mamia ya majaribio. Kumbuka kwamba skrini huchorwa kutoka juu kwenda chini, hivyo katika hezi 60 katikati huwaka takriban milisekunde 8 baada ya ukingo wa juu. Ucheleweshaji usiobadilika unaweza kuutoa kwenye hesabu, lakini unaoyumba unaingia moja kwa moja katika muda wa majibu ya washiriki wako, na wastani mzuri unaweza kuuficha. Kwa hiyo zile fremu chache zilizochelewa zinanitia wasiwasi kuliko jina la programu.

Jibu la tatu
Umesema mistari ni hafifu. Skrini ya biti 8 hutoa ngazi 256 tu za mwanga, na kutoka kijivu cha kati hatua moja ni karibu asilimia 0.8 ya utofauti wa mwanga, hata baada ya kusawazisha gama (uhusiano kati ya namba inayotumwa na mwanga unaotoka). Jicho lenye afya linaweza kuona chini ya hapo, kwa hiyo pima mwangaza wa skrini kabla ya kutafuta kizingiti, yaani utofauti mdogo kabisa ambao mshiriki anaweza kuuona.

Mwanafunzi wa uzamili
Ahsanteni sana. Nimebadilisha muda kuwa fremu 3 na kuizima skrini ya mpakato. Fotodayodi nitaiazima kwa wenzetu wa idara ya fizikia, na sitamwita mshiriki yeyote kabla ya kuona vipimo.