ALT 96, AST 71: ini limeisha au naogopeshwa?

Fundi Mageti
Wakuu, heshima zenu. Mimi ni fundi wa kuchomelea, niko Morogoro, miaka 38. Juzi Jumatatu nilipimwa afya kwa ajili ya kazi ya mgodini. Presha safi, sukari ya asubuhi 5.4, ila kwenye karatasi kuna mistari miwili imewekewa alama ya kupanda: ALT 96 (kawaida yao mwisho 41) na AST 71 (mwisho 40). Bilirubini na albumini ziko sawa. Homa ya ini B na C hazikuonekana.

Dada aliyenikabidhi majibu aliniangalia kwa huruma, akasema, "Kaka, punguza pombe, ini linakwisha." Pombe yenyewe ni bia mbili tatu Jumamosi, tena si kila Jumamosi. Nilitoka pale miguu haina nguvu. Mke wangu bado sijamwambia. Jirani kaniletea chupa ya dawa ya kusafisha ini, shilingi 35,000, nimeiweka juu ya kabati. Siumwi popote, nakula vizuri, labda vizuri mno: nina kilo 94 na urefu sentimita 168. Niinywe hii chupa au nifanyeje?

Mtu wa Maabara
Pole fundi. Chupa ibaki huko huko juu ya kabati.

ALT na AST ni vimeng'enya, makazi yake ni ndani ya seli. Seli ikiumia vinavuja kwenye damu, na sisi ndipo tunavikuta. Namba yako inasema kuna seli zimeumia. Haimtaji aliyeziumiza, wala haisemi ini limebaki na nguvu kiasi gani. Nguvu ya ini tunaitazama kwenye albumini (protini inayotengenezwa na ini), bilirubini (rangi ya njano ambayo ini huitoa mwilini) na muda ambao damu inachukua kuganda. Mbili umesema ziko sawa, kwa hiyo pumua kidogo. Na huyo dada kakimbilia pombe haraka: ini la mnywaji kwa kawaida AST ndiyo inayokuwa juu, mara nyingi maradufu ya ALT. Kwako ni kinyume.

Nijibu mawili. Siku mbili tatu kabla ya kutolewa damu ulifanya kazi gani? Na unatumia dawa zipi, hata za mti, hata za unga, hata zile unazoona haya kuzitaja?

Fundi Mageti
Mkuu, umejuaje? Jumamosi tulimwaga jamvi kwa shemeji yangu. Mashine ya kuchanganyia zege ikagoma, tukachanganya kwa koleo toka asubuhi mpaka magharibi. Jumatatu napimwa, hata shati kulivua ilikuwa kazi.

Hilo la pili... kuna unga natumia, huu mwezi wa pili, kijiko kimoja kwenye uji. Ni wa mambo ya wanaume. Mkebe hauna maandishi yoyote, una picha ya simba tu. Na diklofenaki mgongo ukikaza.

Mtu wa Maabara
Hahaha, simba! Sasa tunaelewana. AST inatoka pia kwenye misuli, na ALT kidogo. Mtu aliyeshinda na koleo namba zinaweza kupanda na zikakaa juu kwa wiki nzima, ini halihusiki. Unga uache leo, na mkebe mpelekee daktari auone. Diklofenaki nayo mtajie, isije ikawa imo. Rudia kipimo baada ya wiki kadhaa, na wiki ya mwisho kabla yake usibebe zege. Omba wapime na CK, kile kimeng'enya cha misuli, pamoja na altrasaundi ya tumbo. Na kwa kuwa homa ya ini B huna, omba chanjo kabisa: sindano ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu mwezi wa sita.

Mama Kihonda
Mwanangu, usichukulie dawa kwa wepesi. Mdogo wangu alikuwa kwenye dozi ya kifua kikuu. Mwezi wa pili akaanza kutapika, mkojo kama chai ya rangi, sisi tunasema malaria hiyo, tunampa panadoli. Macho yalipogeuka njano ndipo tukakimbia. ALT ilipita 400. Kumbe isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi zote zinaweza kuligusa ini. Daktari akasimamisha, ini likatulia, wakamrudishia moja moja, akamaliza dozi na leo mzima. Nasisitiza, aliyesimamisha ni daktari. Wewe ukiona macho ya njano, mkojo mweusi, kutapika kusikoisha au akili kuchanganyika, usije huku kuuliza. Nenda hospitali usiku huo huo.

Bonge wa Zamani
Mbona kilo 94 zote mmeziruka? Mimi nilikuwa 97, urefu kama wako, ALT inacheza 80 mwaka mzima, pombe sijawahi kuonja. Altrasaundi ikaonyesha mafuta kwenye ini. Daktari akasema nikipunguza hata asilimia 7 mpaka 10 ya uzito, ini litashukuru. Soda niliiacha siku hiyo hiyo. Ugali nusu ya nilivyozoea ndio ulinitoa machozi. Nikawa natembea kwenda kazini. Mwaka ulipoisha nina kilo 88, ALT 37. Dawa ya kusafisha sikunywa hata tone.

Fundi Mageti
Wakuu, nimerudi, wiki ya saba hii. AST 33, ALT 58, CK kawaida. Altrasaundi: ini lina mafuta, kama Bonge alivyosema. Daktari aliugeuza mkebe wa simba huku na huku akitafuta pa kusoma, akanirudishia. Zege lilichangia, unga hawezi kuusafisha wala kuuhukumu kwa vile hajui una nini ndani, na hiyo 58 iliyobaki anaona ni mafuta. Nirudi baada ya miezi mitatu.

Mke nimemwambia yote, pamoja na simba. Hakuongea siku mbili, ya tatu akaanza kunipimia ugali kwa bakuli la mtoto. Nina kilo 91.

Chupa nimeirudisha. Jirani anadai nimpe 5,000 kwa sababu kifuniko kimefunguliwa. Nilinusa tu.