Naomba ushauri: turubai la pamba au la plastiki kwa biashara ya kukodisha?

Kijana wa Mbagala: Wakuu, habari. Nataka kuanza kukodisha maturubai kwenye misiba na shughuli. Nimepata la pamba, zito, aina ya kijeshi. Nichukue hilo au haya ya plastiki ya Kariakoo? Masika yanakaribia, usingizi sina.

Dereva wa Tunduma: Mkuu, achana na pamba. Likilowa halibebeki. Kuna usiku pale Mikumi tulifunika mahindi na la pamba, mvua ikapiga hadi alfajiri. Kulikunja tuliomba msaada kwa wauza chipsi. Mahindi lakini yalitoka makavu, sikatai.

Mama Wawili: Jua la saa saba chini ya plastiki, wafiwa wanaokwa. Pamba linapitisha hewa.

Fundi Matanga: Babu alikuwa anashona matanga ya majahazi Bagamoyo, enzi hizo kwa marekani, kile kitambaa cha pamba. Pamba ikilowa nyuzi zinavimba, matundu yanajiziba yenyewe. Ila mvua ikinyesha usiliguse kwa ndani, maji yataanza kudondoka pale pale ulipoweka kidole. Kamba zilegeze mapema, maana linasinyaa na litang'oa vigingi. Na ukilikunja bichi linaota kuvu. Lako jipya?

Kijana wa Mbagala: La mtumba. Lina harufu kidogo na madoa meusi kwenye mikunjo. Muuzaji anasema ni vumbi la stoo.

Shangazi Mkali: Umeshalipa?

Kijana wa Mbagala: Bado tunaongea.

Shangazi Mkali: Nimeuliza umeshalipa.

Kijana wa Mbagala: Nusu. Hela ya kikoba cha mama. Lakini bei ile siipati tena, na lina vyuma vyake vyote. Madoa nitasugua. Nililimwagia maji, yakateleza yote, halikulowa hata kidogo.

Shangazi Mkali: Hela ya kikoba ni jasho la wanawake wenzake. Anajua?

Mchokonozi: Subirini, hii chai. Pamba kuukuu, lina madoa ya kuvu, halafu maji yateleze kama kwenye jani la gimbi? Huyu hajawahi kuona turubai. Uzi ufungwe.

Mama Wawili: Kweli, na mama wa kikoba kaingia katikati ghafla.

Fundi Matanga: Huenda hadanganyi, kauziwa kitu kingine. La pamba lililopakwa nta likiwa jipya maji yanateleza. Kuukuu hivyo, hapana. Kijana, chomoa uzi ukingoni uuchome. Pamba inaungua kama karatasi, inaacha majivu laini. Plastiki inayeyuka, inaacha kidonge kigumu.

Mchokonozi: Tunasubiri picha.

Kijana wa Mbagala: Nipo stoo sasa hivi. Umeyeyuka, kidonge kimenata kwenye njiti. Muuzaji anasema hela hairudi ila anaweza kunipa viti vya thamani ile ile. Viti navyo vinakodishwa kila wiki, si ndiyo?

Shangazi Mkali: Mpigie mama kwanza. Viti usivishike.