Tangazo linasema "iko tayari kwa mita 150", ndani gasketi (raba za kuzuia maji) zimeoza: muuzaji wa Seiko H558 anatuchezea

Wadau, nimenunua Seiko H558, ile saa ya wazamiaji iliyotoka mwaka 1982 ikiwa na mishale na skrini ya kidijitali kwa pamoja, kutoka kwa muuzaji anayejinadi kuwa bingwa wa saa za zamani. Tangazo lake lilisema kwamba saa imefanyiwa sevisi kamili, imepimwa kwa presha na iko tayari kuingia baharini. Kabla ya kuitia majini niliipeleka kwa fundi, na yaliyoonekana huko ndiyo yaliyonipandisha hasira.

Gasketi ya mfuniko wa nyuma ilikuwa imekauka na kuwa bapa, na fundi alipoigusa kwa kibano ikakatika vipande. Za vibonyezo zilikuwa katika hali ileile, ilhali kila kibonyezo ni tundu jingine ambalo maji yanaweza kupitia. Saa kama hiyo ilipimwa presha na nani, na kwa chombo gani? Kiwango cha kimataifa cha saa za kuzamia, ISO 6425, kinataka saa ya mzamiaji ijaribiwe kwa presha inayozidi kwa asilimia 25 ile iliyoandikwa, yaani takriban bari 18.75 (bari ni kipimo cha presha) kwa saa ya mita 150. Namba iliyo kwenye uso wa saa ilihusu saa mpya yenye raba mpya. Haiwezi kuwa cheti cha kudumu miaka arobaini na zaidi.

Kilichoniudhi kuliko vyote ni skrini. Katika picha zote za tangazo, mwanga unaakisi palepale penye tarakimu, na sasa najua sababu: kistari cha juu upande wa kulia wa tarakimu ya mwisho hakionekani kabisa, kwa hiyo 8 inasomeka 6 na 9 inasomeka 5. Mzamiaji anayepima muda wake kwa skrini hiyo atakuwa amekaa chini dakika 29 huku akiamini kwamba ni 25. Nilipomweleza muuzaji, alinijibu kwamba mishale inatembea vizuri, kwa hiyo saa ni nzima, kana kwamba nilinunua nusu yake.

Nusu ya tangazo, kwa njia, ilimhusu Arnold Schwarzenegger, kwa kuwa aliivaa saa hii katika filamu za miaka ya 1980 na wakusanyaji wakaipa jina la "Arnie". Sawa, lakini misuli ya Arnold haizuii maji.

Baadaye akageuza kibao, akasema kila mtu anajua kwamba saa za zamani si za kuzamia, na kwamba kama nataka ya majini ninunue toleo la 2019 linalotumia nishati ya jua na kuhimili mita 200. Angeiuza kama saa ya kabatini, nisingekuwa na ugomvi naye. Ila bei aliyonitoza ilikuwa ya saa ya kuzamia, na maneno hayo aliyaandika mwenyewe.

Nimemtaka anirudishie fedha zangu pamoja na gharama ya fundi, naye amekaa kimya. Wakati huohuo ametangaza H558 nyingine kwa maneno yaleyale. Nimemwomba hadharani picha ya skrini iliyopigwa kivulini pamoja na karatasi ya kipimo cha presha, na bado nasubiri.