Tunafundishwa kumheshimu mtoto wa miaka minne, lakini mwanachuo wa miaka 43 anadharauliwa

Wakuu, nimevumilia mihula mitatu. Leo naona nikiendelea kunyamaza nitaugua.

Nina miaka 43. Kabla ya kuingia chuo kusomea ualimu wa elimu ya awali nilikuwa msaidizi darasani kwenye chekechea kwa miaka tisa. Nimefuta makamasi, nimebadilisha nguo zilizolowa, nimetuliza vilio vya siku ya kwanza mpaka hesabu imenipotea. Sikwenda chuo kutafuta karatasi ya kutundika ukutani. Nilikwenda kwa sababu kuna mambo yalikuwa yananishinda. Mtoto anajibwaga chini, anapiga kelele nusu saa, nami najua kumbembeleza tu, sijui kinachoendelea ndani yake. Nilitaka kujua.

Na kujua nimejua, sitasema uongo. Miaka yote ile nilikuwa nawashikisha penseli watoto wa miaka mitatu na kuwafokea wasipofuata mstari. Chuoni ndiko nilikoelezwa kwamba misuli midogo ya vidole hukomaa taratibu, na kwamba kufinyanga udongo, kutunga shanga na kuchana karatasi ndiyo maandalizi yenyewe ya kuandika. Siku ile nilirudi nyumbani nikalia, nikiwakumbuka watoto niliowafokea. Kwa hiyo asije mtu hapa akaniambia "wewe mama hutaki kufundishwa". Nataka sana.

Kinachoniumiza ni kwamba yale tunayofundishwa kumtendea mtoto, chuo chenyewe kinayakanyaga kikifika kwetu sisi tuliorudi shule tukiwa watu wazima.

Nianze na mazoezi ya kufundisha. Muhula uliopita nilipangiwa darasa la watoto wa miaka minne. Kulikuwa na mtoto mmoja ambaye tangu aanze shule hajatamka neno darasani. Akifika anakwenda moja kwa moja kona ya ujenzi, anapanga vibao vyake peke yake, ukimsemesha anageukia ukuta. Mwalimu wa darasa alishakata tamaa naye. Mimi nikakumbuka somo la michezo, zile hatua alizozieleza mtafiti Mildred Parten mwaka 1932: mtoto hucheza peke yake, hutazama wengine, hucheza sambamba na mwenzake bila kushirikiana naye, ndipo baadaye huja kucheza pamoja. Nikasema huyu nisimvute, nikae kando yake tu. Siku tatu mfululizo, kipindi cha michezo ya kuchagua, niko sakafuni napanga vibao vyangu na yeye vyake, hakuna anayemsemesha mwenzake. Siku ya nne akanisukumia kibao chekundu. Hakusema kitu. Alikisukuma, akanitazama usoni. Aliyefanya kazi na watoto anajua uzito wa kibao kile.

Dakika hiyohiyo mkufunzi aliyekuja kunitathmini alikuwa amesimama mlangoni. Andalio langu la somo lilikuwa mezani, lengo limeandikwa, sababu ya kukaa kando ya mtoto imeandikwa. Hakulisoma. Aliandika: "Mwanachuo amekaa, hafundishi." Nilipojaribu kueleza akanikatisha mbele ya watoto na mbele ya mwalimu mlezi: "Mama, umekuja kufundisha, hujaja kupumzika." Alama zikakatwa. Yule mtoto aliposikia sauti imepanda akakusanya vibao vyake vyote akageukia ukuta.

Ingekuwa alama peke yake ningenyamaza. Lakini mtoto yule alichukua siku nne kunifikia, na mtu mzima aliyesomea kazi hii akamrudisha nyuma kwa sentensi moja. Mpaka mazoezi yanakwisha hakunisogezea kibao kingine.

Tuje kwenye ratiba. Tunafundishwa kwamba mtoto mdogo habadilishiwi shughuli ghafla. Unamtaarifu mapema: bado kidogo tutakusanya vifaa, kisha tutanawa mikono. Akijua kinachofuata anatulia. Somo zuri mno, na ni la kweli. Sasa vituo vya mazoezi tulitangaziwa Alhamisi jioni, kuripoti Jumatatu asubuhi! Nina mama mzazi ninayemuuguza. Nina kibarua ndicho kinacholipa ada. Nikaenda ofisini kuomba kituo cha karibu, au wiki moja tu nijipange. Jibu nililopewa: "Ukikubali kusoma, kubali na masharti yake."

Wiki zote za mazoezi hazina malipo. Kutwa uko darasani, usiku unaandika maandalio na kutengeneza zana, na kibarua umekiacha. Kijana anayeishi kwa wazazi atavuka akiwa amechoka. Mwenye watu wanaomtegemea anaacha chuo. Tulianza saba wa rika langu, tumebaki watatu, na wale wanne hakuna hata mmoja aliyeshindwa masomo. Mmoja wao ndiye mtu mwenye mkono mzuri kuliko wote kwa watoto wachanga niliyewahi kumwona.

Hili la kompyuta nalo. Kuna asubuhi tulisoma mwanasaikolojia Vygotsky, pale anapotofautisha kile mtoto anachokiweza peke yake na kile anachokiweza akisaidiwa na anayejua zaidi. Tukafika kwa watafiti Wood, Bruner na Ross, ambao mwaka 1976 waliufananisha msaada huo na jukwaa la mafundi: unalifunga ukuta unapojengwa, unalipunguza kadiri ukuta unavyosimama. Mchana wa siku hiyo nikamwomba mkufunzi huyohuyo aliyetufundisha asubuhi anielekeze namna ya kupakia kazi kwenye mfumo, kwa kuwa ulikuwa unaikataa. Akasema, "Muulize mwanao." Darasa likacheka. Kazi yangu ikahesabiwa imechelewa.

Na wanaotuuliza "umri huo unasomea kuimbisha watoto?" nawajibu kwa miaka tu. Friedrich Fröbel alizaliwa 1782, akafungua kule Bad Blankenburg, Ujerumani, mwaka 1837, kituo alichokuja kukiita Kindergarten. Alikuwa na miaka 55. Margaret McMillan alizaliwa 1860. Shule ya wadogo ya hewa wazi aliyoianzisha Deptford, London, pamoja na dada yake Rachel ni ya mwaka 1914. Hesabuni wenyewe. Kazi hii iliasisiwa na watu waliokwishaishi. Halafu wimbo mnaoudharau unamfunza mtoto kusikia mapigo ya silabi, vina, mpangilio wa sauti, vitu ambavyo baadaye atavihitaji ili asome. Anayeona ni kuimbisha tu akae na watoto ishirini asubuhi moja bila wimbo.

Sidai alama za bure. Nadai vituo vitangazwe walau mwezi mmoja kabla, kwani chuo kinajua tarehe za mazoezi tangu muhula unapoanza. Nadai anayekuja kututathmini asome andalio kwanza, akae, atazame kipindi hadi mwisho, na maneno yake aniambie nje, watoto wakiwa hawasikii. Na miaka yetu ya kazi ipimwe. Sisemi ikubaliwe kwa kuisimulia. Njooni mtutazame tukifanya kazi, tunachokiweza kihesabiwe, muda uliobaki tuutumie kwa tusichokijua. Mimi mathalani siwezi bado kumtambua mapema mtoto mwenye usikivu hafifu, na hilo limepewa kipindi kimoja tu, wakati wiki mbili nzima nilifundishwa kupanga kona za darasa ambazo nimezipanga miaka tisa.

Barua ya malalamiko nimeshaiandika, nimeambatanisha nakala ya andalio la siku ile na maelezo ya mwalimu mlezi, ambaye Mungu ambariki amekubali kusaini. Kama kuna mtu amewahi kukata rufaa ya alama za mazoezi ikasikilizwa, naomba anieleze alianzia wapi, kwa mratibu wa mazoezi au kwa mkuu wa idara moja kwa moja. Dirisha la rufaa linafungwa baada ya siku sita.