Kumbukumbu za Benjamin Franklin: mbona zinakatika 1757?

Msomaji_Usiku: Wakuu, salaam. Huyu mzee alisaini Azimio la Uhuru la Marekani 1776 na mkataba wa amani wa Paris 1783, lakini kumbukumbu zake zinakatika ndiyo kwanza anaingia London. Kurasa zimenyofolewa, au ndivyo alivyoandika? La pili: mvumbuzi mzima, mbona umeme kaupa nafasi ndogo hivyo? Na lile daftari la maadili 13 lilichorwaje hasa? Maelezo yanayozunguka yanagongana.

Wino_Mweusi: Mkuu, yote mawili yanawezekana. Kwanza, simulizi ya Franklin yenyewe haikufika matukio ya 1776. Aliandika kwa vipande vinne: cha kwanza 1771 akiwa Twyford, Uingereza, kama barua kwa mwanawe William, gavana wa New Jersey, cha pili 1784 huko Passy, Ufaransa, cha tatu 1788 Philadelphia, cha nne ni kurasa chache za mwisho mwisho, kabla hajafariki Aprili 17, 1790.

Pili, fungua ukurasa wa mwisho. Ukikomea kwenye kuanzishwa kwa maktaba ya wanachama, una kipande cha kwanza peke yake. Ukikomea kwenye kufika London Julai 27, 1757, unavyo vitatu. Ikiwa baada ya hapo anakwenda kumwona Dkt. Fothergill, kisha anabishana na Lord Granville juu ya maagizo ya mfalme kwa magavana, kitabu kimetimia.

Mwenye kosa ni mjukuu, William Temple Franklin. Alitoa mswada wenye mwandiko wa babu yake, akapokea nakala safi iliyokuwa kwa familia ya Le Veillard huko Ufaransa, maana ilimfaa zaidi mpiga chapa. Nakala hiyo haikuwa na kipande cha nne, na toleo lake la 1818 likatoka pungufu. John Bigelow ndiye aliyeununua mswada halisi Paris mwaka 1867, akauchapisha mwaka uliofuata. Tafuta toleo linalofuata mswada huo. La Temple, mbali na upungufu, limelainisha lugha ya mzee mpaka imepoteza ladha.

Fundi_Dohani: Umeme kaufupisha makusudi. Anasema wazi hatarefusha simulizi kwa habari za jaribio lake la umeme kwa tiara, kwa kuwa zimo tayari kwenye vitabu vya historia ya umeme.

Ufundi wake utauona kwenye taa za barabarani, ukurasa ambao wengi wanauruka. Taa za tufe zilizoletwa kutoka London hazikuingiza hewa kwa chini. Moshi ukashindwa kupanda, ukazunguka humo humo na kuganda kwenye kioo. Baada ya saa chache mwanga umeziba. Kila siku kufuta, na zikigongwa kidogo tu, tufe zima limekwenda. Yeye akapendekeza vioo bapa vinne, dohani ndefu juu ya kuvuta moshi, na upenyo chini wa kuingiza hewa. Taa ikabaki angavu hadi asubuhi, na kikivunjika kimoja unabadilisha hicho hicho. Wazo la kuangaza mji, lakini, hajipi: anamtaja John Clifton, aliyetangulia kuweka taa mlangoni kwake.

Jiko lake yeye analiweka 1742. Gavana Thomas alitaka kumpa hataza, akakataa. Muuza vyuma mmoja wa London akanyonya kijitabu chake, akageuza vitu vidogo (anasema viliharibu utendaji kuliko kuusaidia), akachukua hataza na kuchuma. Miwani ya lenzi mbili, uvumbuzi wake mwingine, usiitafute, haimo.

Mstari_Mwekundu: Daftari: kila adili ukurasa wake. Safu 7 za siku, mistari 13 ya kulala, yote kwa wino mwekundu. Mwanzo wa kila mstari herufi ya kwanza ya adili. Jioni unatia nukta nyeusi palipo na kosa. Watu wanakosea hapa: hakuyapigania yote 13 kwa pamoja. Wiki ya kwanza alilinda mstari wa kiasi katika kula na kunywa usipate nukta, mengine akiyaandika tu yalivyotokea. Wiki ya pili anaongeza ukimya, anailinda mistari miwili. Wiki 13 mzunguko mmoja, mwaka mizunguko minne.

Karatasi haikustahimili. Alikwangua nukta za zamani ili atumie kurasa zile zile, zikatoboka. Akahamia kwenye vibao vyembamba vya pembe za ndovu: mistari kwa wino mwekundu wa kudumu, nukta kwa penseli, kisha sponji yenye maji inafuta. Lililomshinda zaidi ni utaratibu, na anakiri bila kuzunguka.

Msomaji_Usiku: Yangu ni Julai 27, 1757. Kumbe ni ya Temple.

Wino_Mweusi: Usihukumu kwa mwisho tu, mkuu, wapo waliochapa upya matini ya Temple bila kumtaja. Angalia pia penye Passy 1784: barua za rafiki zake Abel James na Benjamin Vaughan, za kumhimiza aendelee kuandika, zikiwa zimeondolewa, mhariri amekata na kwingine.