Ushauri wakuu: PC ya gemu ninunue iliyo tayari au niunde mwenyewe? Bajeti 2,500,000

Ng'ambo ya Feri (mleta mada)

Habari za jioni wakuu. Naomba mnisaidie kabla hela haijatoka mfukoni. Niko Dar, nina 2,500,000 kwa ajili ya mashine tu. Skrini ya inchi 24 (1080p, 75 Hz), kibodi na mausi ninavyo. Nitacheza EA FC, Valorant na GTA V, na kuhariri video fupi fupi. Nimezunguka Kariakoo nikarudi na haya:

A. Dell OptiPlex 7060 ya mtumba, ile ya umbo la mnara. i5-8500, RAM 16 GB, SSD 512 GB, wameichomekea kadi ya grafiki GTX 1650. Bei 1,350,000.

B. "Gaming PC" ya dukani, kioo ubavuni, feni za taa. Kikaratasi chake kinasema "Core i7, RAM 16 GB, RTX 8 GB, SSD 512". Bei 2,400,000, waranti miezi 6.

C. Kununua vifaa kimoja kimoja na kuunda mwenyewe. Sijawahi kuunda, ila bisibisi naijua.

Mngekuwa mimi mngechukua ipi, na kwa nini?

---

Waya 24

Mkuu, B usiitolee hata kishika uchumba mpaka upewe majina kamili. "Core i7" peke yake haielezi kitu. Kuna i7 ya 2014 na kuna i7 ya juzi, na i5 mpya inaiacha mbali ile ya zamani. "RTX 8 GB" nayo hivyo hivyo, zipo aina nyingi zenye GB 8 na nguvu zake hazikaribiani.

Muulize muuzaji vitu vitano, akuandikie kwa WhatsApp ubaki na ushahidi: prosesa na namba yake yote, madabodi na modeli yake, RAM ni DDR ngapi na vijiti vingapi, kadi ya grafiki jina zima, na pawa saplai kampuni gani, modeli gani, wati ngapi. Hilo la mwisho ndilo wengi hulikwepa. Duka linalojiamini linakujibu papo hapo kwa sababu vitu viko kwenye risiti zao. Ukisikia "ni original bosi, usijali", funga zipu ya pochi.

---

Kipoozeo

Naanza na A maana watu wataidharau bure. i5-8500 ina koa 6 (viini vya kufanyia kazi ndani ya prosesa), Windows 11 inaikubali rasmi (kwa Intel wanaanzia kizazi cha 8), na kwa Valorant na FC kwenye 1080p inatosha. Wanaokuuzia i5-6500 au i5-7500 kwa tofauti ya laki moja waache. Windows 10 ilifungiwa msaada tarehe 14 Oktoba 2025, na hizo hazimo kwenye orodha ya Windows 11.

Tatizo la OptiPlex liko ndani, kwenye umeme. Fungua ubavu utazame. Pawa saplai ya kawaida huingia kwenye madabodi kwa plagi pana ya pini 24. Ya Dell ina kiplagi kifupi cha pini chache walichobuni wenyewe, na umbo la boksi lake halilingani na matundu ya skrubu ya pawa saplai za kawaida. Wati zake ni kama 240 au 260, na mara nyingi haina waya wa kulisha kadi ya grafiki. Ndiyo maana wamekuwekea GTX 1650: inatumia wati 75, na hizo zote inazipata kwenye sloti yenyewe. (Hakikisha ni toleo lisilo na tundu la pini 6 juu, yapo ya aina zote mbili.)

Kwa hiyo A inaishia hapo ilipo. Ukitaka kadi kubwa mwakani, fundi atakupa kiunganishi cha kugeuza waya wa SATA (ule wa kulisha diski) kuwa pini 8. KATAA. Plagi ya SATA imepimwa kubeba ampea 4.5 kwenye volti 12, yaani wati 54. Kadi yenye pini 8 ina ruhusa ya kuvuta hadi wati 150 kupitia tundu hilo. Plastiki inaanza kuyeyuka taratibu huku gemu linaendelea vizuri, na unakuja kushtuka na harufu.

Na usikubali wakubadilishie 1650 kwa RX 6400 wakidai "ni mpya zaidi". RX 6400 ina njia 4 tu za PCIe (njia za mawasiliano kati ya kadi na madabodi). Kwenye mashine ya PCIe 4.0 inavumilika, lakini hiyo Dell ni 3.0, nusu ya kasi hiyo, kwa hiyo kumbukumbu yake ya GB 4 ikijaa tu gemu linaanza kukwamakwama.

---

Ng'ambo ya Feri

Asanteni sana. Duka la B wamejibu: i7-4790, bodi ya H81, RAM DDR3 vijiti viwili, RTX 2060 Super, pawa saplai "500W gaming", jina hawakutaja.

---

Waya 24

Basi limekwisha hilo. i7-4790 ni ya 2014, koa 4. Windows 11 haiitambui rasmi. Bodi ya H81 ina sloti mbili za RAM, mwisho GB 16, na sloti ya kadi inaenda kwa kasi ya PCIe 2.0. RTX 2060 Super ni kadi nzuri ila hapo umeifunga kwenye mkokoteni. Tena inavuta wati 175, na inalishwa na pawa saplai isiyo na jina. Unalipa 2,400,000 kwa kadi moja ya mtumba, kioo na taa.

Kwa wengine watakaopita hapa: jihadharini pia na bodi za X99 zenye prosesa za Xeon za seva zilizostaafu, na kadi za RX 580 zenye maandishi "2048SP". Hiyo 2048SP kwa nguvu ni RX 570 iliyobadilishwa jina. Nenda dukani na flashi yenye GPU-Z, CPU-Z na CrystalDiskInfo, programu za kukagua kadi, prosesa na diski. Kadi iliyochezewa BIOS (programu ya ndani ya kifaa) ikajifanya ya kizazi kipya, GPU-Z huiandika FAKE mwanzoni mwa jina lake.

---

Mnara wa Pili

Mkuu, kwa bajeti yako chukua C. Mimi ningeipanga hivi:

Prosesa: Ryzen 5 5600 (koa 6, nyuzi 12, inakuja na feni yake kwenye boksi). Angalia lisiwe toleo la "tray" lisilo na feni, labda bei imeshuka vya kutosha kununua feni.
Madabodi: B550 ya mATX (umbo dogo). B450 ni nafuu na inafaa, lakini muuzaji akuhakikishie BIOS imeshasasishwa kwa Ryzen 5000, la sivyo haitawaka na utadhani prosesa ni mbovu.
RAM: DDR4-3200, vijiti VIWILI vya GB 8. Kijiti kimoja cha 16 kinakunyima nusu ya upana wa njia ya kumbukumbu, na kwa Ryzen hilo unaliona kwenye fremu.
Kadi: RX 6600 ya GB 8. Inatumia wati 132, tundu moja la pini 8. Kwa 1080p na skrini ya 75 Hz huna haja ya zaidi. Ukiona uhariri wa video ndio unaokulisha, tafuta RTX 3060 ya GB 12.
SSD: NVMe (ile ya kijiti inayochomekwa kwenye bodi) ya TB 1. FC peke yake inaomba kama GB 100, hiyo 512 itajaa upesi.
Pawa saplai: wati 550, 80 Plus Bronze (daraja la ufanisi wa umeme), kampuni inayojulikana. Prosesa inafika wati 76, kadi 132, vingine vyote tuseme 50, jumla kama 260. Wati 550 zinakupa nafasi ya kadi kubwa baadaye.
Kasha: lenye wavu mbele, siyo kioo mbele. Kwa joto la Dar kioo mbele ni kuipikia kadi chakula chake. Feni mbili mbele zinaingiza, moja nyuma inatoa, na kichujio cha vumbi ukioshe kila mwezi.

Jambo moja la kupima kabla hujakimbilia dukani: bei ya RAM ilipanda vibaya kuanzia mwishoni mwa 2025 kwa sababu viwanda vinahudumia vituo vya data vya AI kwanza. Anza kuulizia RAM, ndipo ujue kilichobaki. Ikikaba sana, zile OptiPlex za umbo refu zinatumia vijiti vya DDR4 vya ukubwa wa kawaida, na vinaingia kwenye bodi ya AM4 (hizo B450 na B550) bila shida. Vitakwenda kwa 2666 badala ya 3200. Utapoteza fremu kidogo lakini utacheza. Zile Dell ndogo kabisa za Micro usihangaike nazo, RAM zake ni za laptop.

---

Luthuli kwa Miguu

Nawasalimu kutoka Nairobi. Kuna njia ya nne ambayo huku Moi Avenue hutumika sana: wewe ndiwe unachagua vifaa kwa orodha kama hiyo ya juu, unanunua vyote duka moja, kisha unalipa ada ya kuunganisha wakufanyie mbele yako. Unapata usalama wa mashine ya dukani na uhuru wa kuunda. Lakini maboksi yote uondoke nayo, na risiti iandike kila kifaa na namba yake ya serial, isiandike tu "computer set". Waranti ya kadi mara nyingi ni ndefu kuliko ile waranti ya jumla ya duka, na bila risiti ya kifaa hutaipata. Kwenu Tanzania dai ile risiti ya EFD, ya mashine ya kodi.

Pia kama una mtu anatoka Dubai, pale Bur Dubai kuna maduka mengi ya vifaa hivi na umeme wao ni kama wetu, plagi ileile. Kutoka Marekani kuwa makini na pawa saplai zenye swichi nyekundu nyuma: ikiwa kwenye 115 ukaichomeka ukutani kwetu inalipuka hapo hapo. Swali tu, waranti ya nje nani ataipeleka?

---

Kipoozeo

Akiamua kuunda mwenyewe, sehemu inayowaangusha wageni ni feni ya Ryzen 5 5600, kwa hiyo niieleze polepole.

Bodi inakuja na vipande viwili vya plastiki vyeusi pembeni mwa soketi. Feni ya Stealth (hiyo inayokuja na prosesa) HAIVITUMII. Vifungue, skrubu nne. Hapo kuna mtego: skrubu hizo ndizo zimeshikilia bamba la chuma lililo nyuma ya bodi, na ukizitoa tu bamba linadondoka. Lishike kwa kiganja kutoka chini. Inua kile kiwaya cha soketi, laza prosesa pembetatu ya dhahabu ikitazamana na pembetatu ya bodi. Inatua yenyewe kwa uzito wake. Isipotua usibonyeze, pini zake ni laini kama nywele. Shusha kiwaya. Chini ya feni kuna duara la kijivu, ndilo grisi ya kupitisha joto. Usiliguse wala kuongeza nyingine. Shusha feni wima, kisha kaza skrubu kwa mpishano, mizunguko miwili huku, miwili kule, mpaka zigome zenyewe. Ukikaza moja mpaka mwisho kwanza, feni inakaa upande na prosesa itafika nyuzijoto 90 dakika ya kwanza ya gemu.

RAM weka sloti ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Kabla ya kuingiza bodi kwenye kasha, hesabu zile nguzo za shaba: ziwe pale tu penye tundu la bodi. Moja iliyozidi inagusa mgongo wa bodi na kupiga shoti. Waya wa prosesa (kona ya juu kushoto) na wa kadi zote zina pini 8, lakini umbo ni tofauti. Ukiona unatumia nguvu, umekosea waya. Na kama pawa saplai ni ya waya za kuchomoa, usichanganye na waya za pawa saplai nyingine hata kama plagi zinaingia. Mpangilio wa ndani hautofautishwi kwa macho, na vifaa vinaweza kuungua mara moja.

---

Mnara wa Pili

Naongezea umeme, maana kwetu unakatika na kurudi kwa kishindo. Hiyo mashine na skrini vinafika karibu wati 290 ukicheza. UPS nyingi za 650VA zinatoa chini ya wati 400 na betri yake ikizeeka inazima palepale. Chukua 1000VA yenye wati 600. Kazi yake ni kukupa dakika chache za kuhifadhi na kuzima, usitegemee kumalizia mechi.

---

Ng'ambo ya Feri

Nimeelewa wakuu, naenda na C. Nitanunua vyote sehemu moja ila nitaunganisha mwenyewe. Swali la mwisho: nikiwasha feni zikazunguka lakini skrini ikabaki nyeusi, naanzia wapi?

---

Waya 24

Kwanza waya wa skrini uwe kwenye kadi, siyo kwenye tundu la madabodi. Ryzen 5 5600 haina grafiki ya ndani, kwa hiyo matundu ya bodi hayatoi picha kabisa. Pili subiri dakika moja au mbili, bodi huwa inaizoea RAM mara ya kwanza. Tatu tazama vitaa vidogo pembeni mwa bodi kama vipo: CPU, DRAM, VGA, BOOT. Kikibaki kwenye DRAM, chomoa RAM zote, rudisha kijiti kimoja sloti ya pili na ubonyeze mpaka kilie "tak". VGA ni pini 8 ya kadi haijaingia vizuri. CPU kwenye B450 ni ile BIOS ya zamani.

Ikishawaka, ingia BIOS uwashe XMP (mpangilio wa kasi kamili ya RAM), maana bila hiyo RAM ya 3200 mara nyingi itabaki 2133 au 2400. Washa fTPM (TPM iliyo ndani ya prosesa, kwa usalama), zima CSM (njia ya zamani ya kuwasha), washa Secure Boot (ukaguzi wa mfumo unapowaka), na vyote hivyo fanya KABLA ya kuweka Windows 11 ili diski iwe GPT (mpangilio mpya wa diski) tangu mwanzo. Valorant kwenye Windows 11 haifunguki bila TPM 2.0 na Secure Boot. Kisha Task Manager, kipengele cha Memory: isome 3200 na sloti 2. Ikisoma hivyo, weka draiva ya kadi kutoka kwa AMD wenyewe, uanze kushusha gemu.